Bwawa la sato Kimbiji, umeme haujafika: nani amefunga sola ya kuingiza hewa usiku?

#1 Mkazi wa Kimbiji
Wakuu habari zenu. Nina bwawa la sato huku Kimbiji, Kigamboni. Nguzo za TANESCO zimeishia mbali na shamba na sina uhakika wa lini zitafika. Bwawa ni mita 20 kwa 15, kina mita 1.2, limetandikwa turubai maana ardhi yetu ni mchanga mtupu. Nilipanda vifaranga 2,000, sasa hivi wana gramu 150 mpaka 200.

Shida ni alfajiri. Kuanzia saa kumi usiku samaki wanapanda juu, midomo nje, wanajazana kona inayopigwa na upepo. Jua likishapanda wanatulia, wanakula kama kawaida. Wiki iliyopita mawingu yalifunga siku nzima, kesho yake asubuhi nikaokota waliokufa, na waliokufa ni wale wakubwa.

Nimeenda Kariakoo, duka moja wamenipangia paneli mbili za wati 100, betri N70, inveta ya wati 500 na pampu ya hewa ya umeme wa kawaida ya wati 80. Wanasema inatosha usiku kucha. Kabla sijatoa hela naomba mliofanya hii kitu mnisaidie. Inatosha kweli?

#2 Kijana wa Chanika
Nafuatilia. Na mimi nina shida hiyo hiyo.

#3 Fundi Jua
Mkuu, haitoshi. Piga hesabu nami.

Pampu wati 80, tuseme unaiwasha saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Hayo ni masaa manane, wati 80 mara 8 ni wati-saa 640. Hapo bado inveta yenyewe haijala chake. Betri N70 ni volti 12 mara ampea-saa 70, yaani wati-saa 840 ikiwa mpya na imejaa. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo halali yako ni 420 tu. Saa tisa usiku au saa kumi halali hiyo itakuwa imeisha, na kuanzia saa kumi mpaka alfajiri ndipo samaki wanaihitaji hewa kuliko wakati wowote. Tena N70 nyingi za madukani ni betri za gari, zimetengenezwa kutoa moto mkubwa kwa sekunde chache za kupiga stata. Kazi ya kutoa umeme mdogo usiku kucha haziiwezi kwa muda mrefu.

Kima cha chini: betri ya ampea-saa 200 ya volti 12. Ya jeli utatumia nusu, wati-saa 1,200, inakupa usiku mmoja na sehemu kubwa ya wa pili. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80, unapata karibu 2,000, hizo ni usiku tatu hata jua lisipotoka. Paneli: 640 gawa kwa 0.7 kwa ajili ya upotevu, unapata kama 915. Masika hesabu masaa manne ya jua la maana kwa siku, usihesabu sita. 915 gawa kwa 4 ni wati 230. Weka 300 ulale.

Na inveta achana nayo. Tafuta pampu ya hewa ya volti 12 au 24 inayokula moja kwa moja kwenye betri.

#4 Mama Vifaranga
Fundi Jua ameeleza vizuri upande wa umeme. Mimi naomba turudi kwenye maji kwanza, maana watu wananunua paneli wakati ugonjwa uko kwenye maji.

Mkazi wa Kimbiji, maji yako yana rangi gani? Chukua sahani nyeupe, ifunge kwenye fimbo uliyoweka alama za sentimita, izamishe mchana jua likiwa juu. Ikipotea machoni kati ya sentimita 25 na 40 uko salama. Ikipotea kabla ya 20 una mwani mwingi kupita kiasi, yaani vile vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Mwani huo huo unaokupa oksijeni mchana ndio unaoivuta usiku pamoja na samaki wako. Na chakula unawapa saa ngapi? Halafu, kuna banda la kuku juu ya bwawa?

#5 Mkazi wa Kimbiji
Ahsante mama. Maji ni kijani kama supu ya mchicha. Sahani nimeifanya sasa hivi, imepotea kwenye 15. Chakula asubuhi saa mbili na jioni saa kumi na mbili. Banda la kuku halipo juu ya bwawa ila natupia mbolea ya kuku mara moja moja.

#6 Mama Vifaranga
Basi mbolea acha leo. Na chakula cha saa kumi na mbili jioni kihamishie saa tisa au saa kumi. Samaki akishiba anavuta oksijeni zaidi kwa masaa kadhaa, na wewe unamshibisha jua linazama, wakati hakuna kitu kinachotengeneza oksijeni mle ndani. Siku ya mawingu punguza chakula nusu, ikiwa mbaya zaidi usiwape kabisa. Sato hafi kwa kulala njaa siku moja.

#7 Mzee wa Mbweni
Fuga kambale. Kambale anavuta hewa ya juu kama mimi na wewe. Sola ya nini?

#8 Kijana wa Chanika
Shikamoo mzee. Kila uzi wa samaki lazima utuletee kambale 😂

#9 Mzee wa Mbweni
Marahaba. Nitaleta na kesho.

#10 Dada wa Bunju
Mimi naona tunakimbilia oksijeni haraka mno. Maji ya kijani kiasi hicho, chakula kingi, mbolea ya kuku: hiyo ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, chakula na mbolea. Mimi Bunju walinifia samaki, nikapima oksijeni iko sawa, amonia ndiyo iliyokuwa juu. Ukifunga pampu ya hewa bila kubadilisha maji utaendelea kuokota.

#11 Kunduchi Samaki
Dada wa Bunju, amonia inawezekana kabisa kuwepo, lakini saa haziendani. Amonia inakuwa sumu kali pale pH (kipimo cha ukali wa maji, asidi au magadi) inapopanda, na kwenye maji ya kijani pH hupanda mchana, inakuwa kileleni alasiri, kwa sababu mwani unanyonya kaboni dayoksaidi. Kwenye joto la nyuzi 28 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 9 inakaribia asilimia 40. Kwa hiyo samaki wa amonia utawaona wanateseka saa tisa alasiri. Wa kwake wanateseka saa kumi usiku na kupona jua likitoka. Na wanaokufa ni wakubwa, wadogo wanabaki. Hiyo ni sura ya kukosa oksijeni.

#12 Dada wa Bunju
Samaki ambaye mashavu yake yameunguzwa na amonia mchana hawezi kuvumilia oksijeni ndogo usiku. Hayo mawili hayatengani. Apime vyote.

#13 Mtu wa Msongola
Jirani je? Huku kwetu kuna mtu alitiliwa sumu bwawani kwa ugomvi wa mpaka.

#14 Kunduchi Samaki
Sumu haichagui. Ingeua wakubwa kwa wadogo, saa yoyote. Tusimtie mtu ugomvi na majirani zake bila dalili.

Nirudi kwenye hesabu, maana hii ndiyo itakayoamua anunue nini. Bwawa lake lina mita za ujazo 360. Maji ya joto la nyuzi 28 yakishiba hewa yanabeba karibu miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita. Maji ya kijani jioni yanaweza kuzidi hapo, lakini tuchukue 8. Jua linapozama ana akiba ya gramu 2,880 ndani ya bwawa lote.

Samaki 2,000 wa wastani wa gramu 175 ni kilo 350. Kilo moja ya sato kwenye joto hili inavuta takribani gramu 0.3 kwa saa, zaidi kidogo wakiwa wameshiba. Hiyo ni gramu 105 kwa saa, masaa 12 ni 1,260. Mwani, vijidudu na tope la chini tuseme miligramu 0.2 kwa lita kwa saa, unapata gramu 864 usiku mzima, na kwa maji yanayoficha sahani kwenye sentimita 15 hapo nimekuwa mpole. Jumla 2,124. Asubuhi anabakiwa na gramu 756, sawa na miligramu 2.1 kwa lita. Ndiyo maana wanapanda juu lakini hawafi, hadi litokee wingu: siku ya mawingu hafiki 8 jioni, anaanza usiku na 5 au 6, na alfajiri hakuna kitu.

Sasa wakifika gramu 300 ni kilo 600. Hapo samaki peke yao wanataka gramu 2,160 kwa usiku, ukijumlisha na mwani 3,024. Akiba ni 2,880. Yaani hata siku ya jua kali haivuki usiku. Upepo wa bahari utamsaidia kidogo, lakini usiku wa shwari ndio utakaomuumiza.

#15 Mkazi wa Kimbiji
Dah. Mkuu hii hesabu imenitisha. Kwa hiyo pampu ya wati 80 inaweza kuziba hilo pengo?

#16 Kunduchi Samaki
Sehemu yake tu. Pampu ya hewa yenye mawe ya kutoa povu kwenye kina cha mita 1.2 haina ufanisi mkubwa, kwa sababu povu linapanda juu haraka kabla oksijeni haijayeyuka. Kwa wati 80 tegemea gramu 30 mpaka 50 kwa saa, usiku wa masaa manane ni 240 mpaka 400. Ukigawa kwa bwawa lote ni kama miligramu 1 kwa lita. Kwa samaki wa sasa hiyo miligramu moja inaweza kuwa ndiyo uhai. Kwa kilo 600 haitoshi, labda uvue nusu mapema au ufunge wati mara tatu.

Halafu usiyasambaze mawe bwawa zima. Yaweke upande mmoja yawe karibu karibu. Samaki watajifunza wenyewe kukimbilia pale penye hewa.

#17 Mkulima wa Goba
Mnamtwisha mzigo wa betri bure. Betri ndiyo kitu ghali kwenye mfumo wowote wa sola na ndiyo kinachokufa kwanza. Mimi Goba nina pampu ya maji ya volti 24 imeungwa moja kwa moja kwenye paneli, haina betri. Jua likiwaka inanyonya maji ya chini na kuyamwaga juu. Tangu nimeifunga samaki hawapandi tena alfajiri.

#18 Fundi Jua
Mkulima wa Goba, mchana mwani unatengeneza oksijeni bure. Kuingiza hewa mchana ni kumpa maji mtu aliyesimama mtoni.

#19 Mkulima wa Goba
Nani kasema naingiza hewa? Nachanganya maji. Mchana maji ya juu ni ya moto na mepesi, yanakaa juu, oksijeni yote imejaa sentimita 30 za kwanza na nyingine inatorokea hewani kwa sababu imezidi. Chini ni baridi, hakuna mwanga, oksijeni hakuna. Ukichanganya kuanzia saa tano mpaka saa tisa, ya juu inashuka chini na bwawa zima linakuwa ghala. Usiku unaanza na akiba ya bwawa zima. Kwenye hesabu ya Kunduchi ile 2,880 inachukulia kila tone lina miligramu 8. Bila kuchanganya hana hiyo 2,880.

#20 Kunduchi Samaki
Hoja nzuri, na kwenye hilo Goba yuko sahihi kuliko watu wengi wanavyodhani. Tena ukipuliza povu mchana kwenye maji yaliyozidisha oksijeni, povu linaitoa badala ya kuiingiza. Kuyahamisha maji bila kuyapiga povu ni bora. Ninachokipinga ni kwamba inamaliza shida. Siku ya mawingu paneli haina nguvu na mwani hautengenezi kitu, vyote viwili vinamwangusha siku moja. Mkuu wa Kimbiji alifiwa siku ya mawingu.

#21 Mama Vifaranga
Na Goba tahadhari: bwawa lenye tope la miaka ukilichanganya ghafla unaamsha gesi ya chini ile inayonuka yai viza. Inaua. La mwenzetu ni jipya na lina turubai, hatari ni ndogo, lakini wengine msome mkiwa na hilo akilini. Anzeni taratibu, saa moja moja.

#22 Kijana wa Chanika
Kwani hawezi kufungulia tu maji ya kisima usiku? Mimi nina tenki juu, nafungulia koki asubuhi mapema.

#23 Mama Vifaranga
Kijana, maji ya kisima mengi yanatoka chini yakiwa na oksijeni ndogo sana, wakati mwingine chini ya ile ya bwawa. Ukiyaingiza kimya kimya kwa bomba lililozama unaongeza tatizo. Yaache yaanguke kutoka juu: toboa ndoo ya lita 20 matundu madogo chini, ining'inize mita moja juu ya maji, yapite hapo yakiwa mvua. Hiyo ndiyo dharura ya bei rahisi kuliko zote. Na huku Kigamboni upande wa baharini visima vingi vina chumvi, sato anaivumilia kwa kiasi, ila aonje kwanza kabla hajajaza.

#24 Kijana wa Chanika
Ndoo nimeielewa. Naifanya leo.

#25 Fundi Jua
Mkazi wa Kimbiji, paneli na betri zitakaa wapi, na bwawa liko umbali gani?

#26 Mkazi wa Kimbiji
Kwenye kibanda cha mlinzi. Mpaka bwawani ni kama mita 40. Naogopa kuweka karibu na maji, huku paneli zinaibiwa.

#27 Fundi Jua
Nilijua. Hapa ndipo mafundi wengi wanapowaangusha watu. Pampu ya wati 80 kwa volti 12 inavuta karibu ampea 6.7. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 2.5, mita 40 kwenda na 40 kurudi, unapoteza volti 3.7 njiani. Pampu inapokea 8 na kitu badala ya 12. Itazunguka kichovu, itapata moto, itaungua, halafu utasema pampu ni feki.

Njia mbili. Ya kwanza, tumia mfumo wa volti 24, upotevu unashuka hadi volti 1.8, bado si mzuri ila unavumilika, na waya wa milimita 4 unaufanya mzuri. Ya pili, ambayo ndiyo mimi ningeifanya: usipeleke umeme bwawani, peleka hewa. Pampu ikae kibandani pamoja na betri, mlinzi anaisikia ikizima, na ulaze bomba mpaka bwawani. Mambo matatu yasikosekane. Pampu iwe juu ya usawa wa maji na bomba liwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, vinginevyo siku ikizima maji yatapanda bombani mpaka kwenye pampu. Mita ya kwanza kutoka kwenye pampu iwe bomba la chuma, hewa inatoka na joto la kulainisha plastiki. Na chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia betri, iwe na kikomo cha kukata betri ikishuka.

Paneli zielekee kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 hadi 15. Wapo wanaozilaza kabisa kwa sababu Dar tuko karibu na ikweta. Zikilala vumbi na kinyesi cha ndege haviondoki na mvua.

#28 Mtu wa Msongola
Kuhusu wizi: chomelea fremu kwenye nguzo ya chuma ya mita nne, miguu ifukiwe kwa zege, na nati uzichomelee baada ya kufunga. Na mbwa.

#29 Dada wa Bunju
Mbwa atasaidia na kenge pia. Mimi kenge ndiyo aliyenimalizia vifaranga, nahesabu siku ya kuvua nusu hawapo na wala sikuokota maiti.

#30 Mtu wa Msongola
Dada zungushia bati fupi lililofukiwa chini kidogo, wavu peke yake kenge anaupanda. Na mdiria je? Huyo anashuka mchana kweupe.

#31 Dada wa Bunju
Mdiria nimefunga kamba za uvuvi juu, nusu mita nusu mita. Wamepungua.

#32 Mzee wa Mbweni
Kambale akikua hata mdiria anamwogopa.

#33 Mkazi wa Kimbiji
😂 Mzee nimekusikia. Wakuu nashukuruni sana. Nilivyoelewa: mbolea nimeacha, chakula cha jioni kimeenda saa tisa, ndoo ya matundu naining'iniza leo. Ile ya Kariakoo sitainunua ilivyo. Ninachogombana nacho kichwani ni kama nianze na pampu ya Goba ya mchana bila betri, halafu betri nijipange baada ya kuvua, au nijibane nianze na ya usiku. Masika haiko mbali.

#34 Fundi Jua
Ya usiku. Mawingu ndiyo yaliyokuulia.

#35 Mkulima wa Goba
Ya mchana, na uvue samaki 800 wakubwa sasa hivi. Kilo 140 na zaidi ukizipeleka mwenyewe kwa wateja wa Kigamboni na Mbagala, bila dalali wa soko la samaki la Feri, ni hela ya betri.

#36 Kunduchi Samaki
Kabla ya yote mawili, azima au kodi mita ya oksijeni, au nunua vile vipimo vya matone. Pima saa kumi na mbili jioni na saa kumi na moja alfajiri, juu na chini. Ya chini unaipata kwa chupa nzito yenye kizibo kilichofungwa kamba: izamishe mpaka chini, vuta kizibo, ijae, ipandishe taratibu. Ukikuta jioni juu ni 12 na chini ni 2, anza na Goba. Ukikuta juu na chini zinalingana na alfajiri bado inaanguka, anza na Fundi Jua.

#37 Kijana wa Chanika
Hapo kwenye kupima nina swali. Mimi yupo jamaa aliniazima mita, saa kumi na mbili asubuhi ilisoma 1.5 na sato wangu hakufa hata mmoja. Walipanda juu tu. Wiki nyingine ikasoma 2.3 wakafa kumi na kitu. Sasa hapo inakuwaje?

#38 Dada wa Bunju
Ndicho ninachokisema tangu #10. Siku ya 2.3 ulipima pH na amonia ya alasiri iliyotangulia?

#39 Kunduchi Samaki
Au 2.3 uliisoma jua limeshatoka na mwani umeanza kazi, wakati saa kumi ilikuwa 0.5. Ulipima saa ngapi hasa siku hiyo, na uliizamisha mita kina gani?

#40 Kijana wa Chanika
Saa moja na nusu hivi. Juu juu. Amonia sikupima. Jamaa bado anayo mita, nitarudi kuichukua nipime saa kumi usiku, na dada nielekeze wapi vinauzwa hivyo vipimo vya amonia.